Kinkina, Kinini na Mkwinini: Asili ya Jina la Mti Mmoja katika Kiswahili cha Butembo na Beni

Kutoka Beni hadi Butembo ni mwendo wa kilomita zipatazo 54, lakini msafiri huondoka penye kimo cha zaidi kidogo ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari na kufika penye kimo cha zaidi ya mita 1,700. Chini kuna joto, kakao na mbu. Juu kuna ukungu wa asubuhi na mikaratusi, na katika milima ya Lubero inayoizunguka Butembo kuna mashamba ya mti ambao maganda yake hutoa dawa ya homa iletwayo na mbu wale wa bondeni. Mti huo wasemaji wa Kiswahili wa huko huuita *kinkina*. Dawa yake huitwa *kinini*. Mtu akivuka mpaka pale Kasindi, akaendelea mashariki hadi Kenya au Tanzania, atakuta dawa ile ile ikiitwa *kwinini*, na mti wenyewe ukiitwa *mkwinini*.

Makala haya yanachunguza asili ya majina hayo. Huenda msomaji akaona kwamba jambo lenyewe ni dogo: neno limekopwa kutoka Kifaransa upande mmoja na kutoka Kiingereza upande mwingine, basi. Lakini anayefuata njia ya neno hili hadi mwanzo wake atagundua kwamba karibu kila lugha iliyolipokea ililielewa vibaya, na kwamba makosa hayo hayakuwa ya wanaisimu peke yao. Yaliwagusa wagonjwa, wafanyabiashara na wakulima, na mpaka leo yanamgusa mkulima wa Lubero anayepeleka magunia yake kwenye mizani.

Inafaa tuanzie kwenye sarufi, kwa kuwa ndiko ushahidi wa karibu uliko.

Kinini na kinkina ni maneno ndugu. Shina lao ni moja, *kina* (kwa tahajia ya Kihispania *quina*), ambalo maana yake tutaieleza baadaye. Kifaransa kilipata *quinquina* kwa kulirudufu shina hilo, na *quinine* kwa kuliongezea kiambishi tamati ambacho wanakemia wa Ulaya walikitumia kuyapa majina madutu ya dawa yatokanayo na mimea. Neno la pili tunaweza hata kulitajia mwaka wake wa kuzaliwa. Mnamo 1820, huko Paris, Pierre-Joseph Pelletier na Joseph Caventou walifaulu kuitenga dutu chungu iliyomo ndani ya gome, wakaipa jina hilo. Kwa hiyo silabi *ki-* iliyo mwanzoni mwa maneno yote mawili haina uhusiano wowote na ngeli ya KI-VI. Ni sehemu ya shina.

Masikio ya msemaji wa lugha ya Kibantu, hata hivyo, hayasikii hivyo. Akisikia *kinini*, husikia *ki-nini*, kama anavyosikia *ki-donge*. Na kweli, katika Kiswahili cha Kivu wingi wake ni *binini*, kwa kuwa huko kiambishi cha wingi cha ngeli hiyo husikika kama *bi-* mahali pa *vi-*. Majirani wasemao Kinyarwanda, ambacho husemwa pia Rutshuru na Masisi, walifanya vivyo hivyo: *ikinini*, *ibinini*. Jambo hili si geni. Kiswahili kilichukua *kitabu* kutoka Kiarabu, ambamo *ki-* ni sehemu ya mzizi, kikazaa *vitabu*. Na wenye magari wa Afrika Mashariki waliligeuza agizo la Kiingereza la kushika upande wa kushoto likawa *kipilefti*, na wingi wake *vipilefti*. Kinini imeingia katika mkumbo huo huo.

Ajabu ni kwamba *kinkina*, yenye mwanzo ule ule kabisa, haikuingia. Hatusikii *binkina* wala *vinkina*. Watu husema *kinkina imepanda bei*, *kinkina imekauka*, *shamba ya kinkina*, na iwapo lazima kutaja mimea yenyewe kwa idadi, *miti ya kinkina*. Neno limebaki katika ngeli ya I-ZI, halibadiliki. Je, kwa nini maneno mawili yanayofanana kwa sauti yapokewe kwa sarufi mbili?

Jibu ninaloliona mimi ni kwamba sarufi hapa inatunza kumbukumbu ya namna watu walivyokutana na vitu hivyo viwili. Kinini ilikuja ikiwa imehesabiwa: moja asubuhi, moja jioni, mbili kwa mtu mzima. Kitu kinachohesabiwa hudai umoja na wingi. Kinkina haikuhesabiwa kamwe. Maganda yalibanduliwa, yakaanikwa juani, yakatiwa katika magunia, yakapimwa kwa kilo. Kilichopimwa kwa kilo hakidai wingi, kama vile *chumvi* isivyodai, wala *kakao*. Kwa maneno mengine, mgonjwa ndiye aliyelitia neno *kinini* katika ngeli yake, na mfanyabiashara ndiye aliyeliweka *kinkina* katika ngeli yake.

Jambo moja zaidi kuhusu kinini, kabla ya kuiacha. Katika vinywa vya wengi neno hili limepanuka maana, likawa jina la kidonge cho chote, hata kisicho na chembe ya dawa ya kinkina ndani yake. Katika Kinyarwanda upanuzi huo umekamilika: *ikinini* ni kidonge tu, kiwe cha kichwa, cha tumbo au cha minyoo. Dawa iliyotangulia imeyapa jina lake madawa yote yaliyoifuata.

Jina la mti mwingine

Sasa twende kwenye shina *kina*. Mti wenyewe asili yake ni milima ya Andes, katika nchi ziitwazo leo Peru, Ekuado, Bolivia na jirani zake. Wasomi wengi wamelihusisha shina hilo na Kikechua, lugha ya wenyeji wa milima hiyo, wakalifasiri kuwa ‘gome’. Na kwa kuwa *quina-quina* ni neno lililorudufiwa, wengine wakalifasiri ‘gome la magome’, yaani gome bora kuliko yote. Fasiri hii inavutia, na imerudiwa katika vitabu vingi. Msomaji wa Kiswahili atakuwa mwepesi kuikubali, kwa sababu sisi nasi hurudufu ili kutilia mkazo. Lakini haturudufu kwa sababu hiyo tu. *Majani-majani* si jani lililo bora kuliko majani yote. Na *tunda dogodogo* si dogo kupita yote. Mwingereza Clements Markham, aliyeshughulikia sana mti huu katika karne ya kumi na tisa, alishikilia kwamba katika Kikechua jina la mmea likirudufiwa huashiria kuwa mmea huo ni dawa. Hilo lingekuwa na maana nyingine kabisa, yenye unyenyekevu zaidi: gome la kuponyea.

Lenye uzito zaidi ni hili. Mfaransa Charles-Marie de La Condamine, mwanachama wa msafara wa kisayansi uliopelekwa Amerika ya Kusini kupima umbo la dunia, alifika Loja mwaka 1737 akauona mti wa dawa kwa macho yake. Makala yake juu ya mti huo ilitolewa kwa Akademia ya Sayansi ya Paris mwaka 1738. Humo alieleza kwamba *quina-quina* hapo kwanza halikuwa jina la mti huu hata kidogo. Lilikuwa jina la mti mwingine, mkubwa, wenye utomvu wa kunukia, ule ambao wanabotania leo wanauweka katika jenasi ya *Myroxylon*. Gome la mti huo nalo lilitumika kutibu homa, na Wajesuiti walilipeleka Ulaya. Gome la mti wa Loja lilipoanza kutafutwa kwa nguvu zaidi, yote mawili yaliuzwa chini ya jina moja, na hatimaye jina likahama: likauacha mti wake likashika ule mpya.

Ni vigumu kutofikiria hasara iliyofichika katika uhamisho huo. Mgonjwa wa Roma au wa Antwerp wa karne ya kumi na saba aliyenunua *quinaquina* hakuwa na njia ya kujua kama alichonunua ni gome linaloweza kuikata homa yake ya vipindi au ni gome la mti wa manukato. Mabishano makali ya waganga wa Ulaya wa wakati ule kuhusu iwapo dawa hii ilifaa au haikufaa yalikuwa, kwa sehemu yake, mabishano ya watu wanaozungumzia vitu viwili kwa neno moja.

Na wenyeji wa Loja wao waliuitaje mti wao? Padri Antonio de la Calancha, katika kitabu chake juu ya Peru kilichochapwa miaka ya 1630, ameandika kwamba uliitwa ‘mti wa homa’. Hilo ni jina la Kihispania, si la Kikechua, lakini angalau ni jina la mti huu wenyewe, lililotolewa na watu waliouona umesimama. Msomaji wa pwani atakumbuka *mwarobaini*, mti uliopewa jina kwa kuhesabu maradhi unayotibu. (Waingereza wa Kenya nao walikuwa na ‘mti wa homa’ wao, mgunga wa gome la manjano unaoota kando ya maji, lakini kwa maana iliyo kinyume: walidhani ndio unaoleta homa. Kumbe mti na mbu walikuwa wakipenda mahali pamoja tu.)

Mke wa mtawala

Jina la kisayansi la mti lina hadithi yake, na hadithi hiyo ni ya uongo. Mwaka 1663 tabibu wa Genoa, Sebastiano Bado, alitoa kitabu cha kuitetea dawa hii, na humo akasimulia jinsi mke wa mtawala wa Peru, Kaunti wa Chinchón, alivyougua homa huko Lima, akapona kwa gome, kisha akaligawa kwa maskini na kurudi nalo Hispania. Karl Linnaeus, mwanabotania wa Uswidi, aliposoma habari hizo aliamua kumheshimu mama huyo. Katika toleo la pili la kitabu chake cha jenasi za mimea, mwaka 1742, akaiita jenasi yote *Cinchona*. Katika kufanya hivyo aliidondosha herufi *h* ya kwanza ya Chinchón. Markham alipigania miaka mingi irudishwe. Hakufaulu, kwa kuwa kanuni za wanabotania hulinda jina lililotangulia hata kama tahajia yake ni pungufu.

Herufi, kwa kweli, lilikuwa kosa dogo. Mwaka 1941 A. W. Haggis alichapisha uchunguzi wake uliotumia kumbukumbu za siku kwa siku zilizowekwa katika utawala wa kaunti huyo. Ilionekana kwamba mke wake wa kwanza alikwisha kufariki huko Hispania kabla mumewe hajaenda Peru. Mke wa pili, aliyekuwako Lima, hakutajwa kuugua homa ya namna hiyo, wala hakurudi Hispania na gome, kwa sababu alifariki Cartagena mwaka 1641 akiwa safarini kurudi. Aliyekuwa akisumbuliwa na homa mara kwa mara ni kaunti mwenyewe, na kumbukumbu hazimtaji kuponywa na gome.

Basi mti una jina la Kilatini la mama ambaye hakulinywa gome lake, na jina la Kifaransa la mti ambao si wenyewe.

Wajerumani, Waholanzi na nchi ya China

Lugha za Kijerumani, yaani jamii ya Kiingereza, Kijerumani, Kiholanzi na lugha za Skandinavia, ziliongeza utata wa namna yake. Wajerumani waliandika shina *quina* kwa herufi zao, likawa *China*. Gome likaitwa *Chinarinde*, ambapo *Rinde* ni gome, na dawa ikaitwa *Chinin*. Tahajia hiyo ni sawa kabisa na jina la nchi ya China katika Kijerumani. Katika Kiswidi hali ni hiyo hiyo: *Kina* ni nchi, *kinabark* ni gome la dawa. Msomaji asiyeijua historia hana budi kudhani kwamba gome lilitoka Mashariki ya Mbali. Mganga Samuel Hahnemann alilijaribu gome hilo mwilini mwake mwaka 1790, na kutokana na jaribio hilo akaanza mfumo wake wa tiba uitwao homiopathi; hadi leo katika maduka ya dawa za mfumo huo mnunuzi atakuta chupa iliyoandikwa *China*, bila ya kuwamo ndani yake kitu chochote cha Kichina.

Waholanzi walichukua njia iliyonyooka zaidi. Waliliandika shina *kina*, mti wakauita *kinaboom*, na dawa *kinine*. Na ni wao, kuliko taifa lingine lolote, walioupeleka mti huu mbali na kwao. Mwaka 1865 walinunua mbegu chache kutoka kwa mfanyabiashara Mwingereza Charles Ledger, wakazipanda Java. Zilikuwa mbegu bora kupita zote zilizopatikana kabla yake. Zilichumwa Bolivia na mtumishi wa Ledger, Manuel Incra Mamani, mtu wa jamii ya wenyeji aliyeijua misitu hiyo. Baadaye alikamatwa kwa kazi ya namna hiyo, akapigwa, akafa. Aina ile ya mti iliitwa *Cinchona ledgeriana*. Haikuitwa kwa jina la Mamani. Kabla ya Vita vya Pili vya Dunia Java ilitoa sehemu kubwa mno ya gome lote lililouzwa duniani, na bei iliamuliwa Amsterdam na ofisi ya wazalishaji iliyoundwa mwaka 1913, ambayo nayo ilijulikana kwa neno hilo hilo, *Kinabureau*.

Mnamo Machi 1942 Wajapani waliiteka Java. Mataifa yaliyokuwa yakipigana nao yalijikuta hayana dawa ya malaria, na mashamba ambayo Wabelgiji walikuwa wameanza kuyapanda katika nyanda za juu za Kivu yakapata umuhimu ambao hayakuwa nao hapo awali. Hapo ndipo mti ulipokita mizizi katika uchumi wa mashariki ya Kongo, na neno nalo katika Kiswahili chake. Bukavu kiwanda cha dawa kikaja kuitwa Pharmakina. Jina hilo linastahili kuangaliwa na mwanaisimu, kwa sababu nusu yake ya pili ni shina la zamani bila urudufu: *kina*, kama Waholanzi walivyoliandika.

Mpaka wa Kasindi

Turudi sasa kwenye tofauti ya *kinini* na *kwinini*. Hapa ushahidi wa sauti ni wa wazi. Wafaransa na Wabelgiji hutamka *quinine* kwa *k* tupu. Waingereza hutamka *kw*. Herufi *qu* ni zile zile, lakini mdomo ni mwingine. Hivyo Kiswahili cha Kongo, pamoja na Kinyarwanda na Kirundi, kina *k-*, na Kiswahili sanifu kina *kw-*. Ni moja ya alama chache za mpaka wa kikoloni zinazoweza kusikika katika konsonanti moja.

Kwa upande wa Tanzania tofauti hiyo inaeleza jambo la ziada. Wajerumani ndio waliotangulia kugawa dawa hii kwa wingi katika nchi hiyo. Robert Koch alifanya utafiti wa malaria Dar es Salaam mwaka 1897 na 1898, na kuanzia 1901 kampeni ya kuwanywesha wakazi dawa iliendeshwa mjini humo. Mti wenyewe ulipandwa katika taasisi ya utafiti ya Amani, milima ya Usambara, iliyoanzishwa mwaka 1902, na wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia dawa ilitengenezwa hapo hapo kutokana na gome la huko. Kama Kiswahili sanifu kingekopa kutoka kwa hao, tungetarajia umbo lenye *h-* au *k-* mwanzoni. Umbo *kwinini* laonyesha kwamba jina lililodumu ni la Waingereza, ingawa dawa ilitanguliwa na wengine. Lugha haikumbuki nani alitangulia. Hukumbuka nani alikaa.

Kwa upande wa mti, Kiswahili sanifu kiliunda *mkwinini* kwa kufuata kanuni inayojulikana: *embe, mwembe, pera, mpera, buni, mbuni*. Kinachopandwa huingia ngeli ya M-MI. Mtu anaweza kusema kwamba hapo Kiswahili cha pwani kimeupa mti heshima ambayo Kiswahili cha Kivu kimeunyima. Nami nilielekea kuamini hivyo, lakini pingamizi mbili zimenirudisha nyuma.

Ya kwanza ni kwamba Kiswahili cha Kongo, kwa jumla, hakitumii sana kiambishi *m-* kuundia majina ya miti ya matunda. Mwembe huitwa *muti ya maembe*, na mbuni huitwa mti wa kahawa, yaani kwa jina la kinywaji. Kwa hiyo *miti ya kinkina* si dharau kwa mti mmoja. Ni desturi ya lahaja. Nikubali pia kwamba pingamizi hii inadhoofisha kidogo hoja yangu ya kilo na mizani, ijapokuwa haiivunji, kwa kuwa haielezi kwa nini *kinini* ina wingi na *kinkina* haina.

Ya pili ni nzito zaidi. Tukilitazama vizuri neno *mkwinini*, tunaona kwamba halikutokana na mti wala gome, bali na dutu iliyotengwa Paris mwaka 1820. Ni ‘mti wa kidonge’. Mpera ulikuwako kabla pera halijaliwa. Mkwinini, kwa mujibu wa jina lake, ulikuja baada ya maabara. Katika jambo hili *kinkina* ya Butembo ni ya zamani zaidi na ni ya kweli zaidi: angalau ni jina lililobebwa na gome lenyewe, tangu Wajesuiti, japokuwa liliibwa kutoka kwa mti jirani.

Kuhusu sauti, *quinquina* ya Kifaransa ina irabu ya puani katika silabi ya kwanza. Kiswahili hakina irabu hiyo, kwa hiyo msemaji ameipasua: irabu upande mmoja, *n* upande wa pili, kama alivyofanya katika *banki*. Jambo hilo ni la kawaida na halihitaji maelezo zaidi.

Jina moja, miti miwili

Lililobaki ni la manufaa kuliko yote yaliyotangulia, nalo latuonyesha kwamba kosa la karne ya kumi na saba linaweza kujirudia milimani Lubero.

Neno *kinkina* hufunika zaidi ya mti mmoja. Yupo *ledgeriana* aliyetajwa, ambaye wanabotania wengi wa leo humhesabu ndani ya *Cinchona calisaya*. Na yupo *succirubra*, yaani ‘mwenye utomvu mwekundu’, aitwaye siku hizi *Cinchona pubescens*. Wa kwanza ni dhaifu, mizizi yake huoza upesi kwa maradhi ya ukungu wa udongoni, lakini gome lake laweza kuwa na asilimia 10 ya kinini au hata zaidi. Wa pili ana nguvu, huota kwa urahisi, lakini kinini yake mara nyingi haizidi asilimia 1 hadi 3. Ndiyo maana wakulima wa mashamba makubwa huupandikiza ule wa kwanza juu ya shina la ule wa pili: mizizi ya mwenye nguvu, gome la mwenye dawa.

Mnunuzi halipii uzito peke yake. Hulipia kiasi cha kinini kilichomo. Mkulima mdogo aliyepewa miche akaambiwa tu kwamba ni *kinkina*, atangoja miaka saba, minane au kumi, kisha aung’oe mti, apigepige shina, matawi na mizizi hadi maganda yabanduke, ayaanike, aende mjini. Na hapo ndipo atakapogundua kama alipanda huu au ule. Miaka hiyo haikuwa mepesi. Katika maeneo ya Beni mauaji ya raia yaliyoanza Oktoba 2014 yaliwafukuza watu wengi mashambani, na mwaka 2024 vita vilifika kusini mwa Lubero. Mti unaodai miaka kumi ya amani si mti wa kupandwa kwa kubahatisha jina.

Soko la gome nalo limebadilika. Uchunguzi mkubwa uliofanywa katika nchi tisa za Afrika, Kongo ikiwamo, na kuchapishwa mwaka 2010, ulionyesha kwamba watoto wenye malaria kali waliotibiwa kwa sindano ya atesuneti walikufa wachache kuliko waliotibiwa kwa kinini, tofauti ikiwa zaidi ya moja kwa tano. Tangu hapo Shirika la Afya Duniani limeshauri atesuneti itangulizwe. Kinini haijatoka katika matumizi, na viwanda vya vinywaji vichungu huinunua, lakini mnunuzi ana nafasi ya kuchagua zaidi ya zamani, na gome hafifu ndilo litakalokataliwa kwanza.

Sipendekezi kwamba wakulima wa Lubero wafundishwe kusema *mkwinini*. Neno hilo halingewaongezea maarifa yo yote. Lingewanyang’anya tu neno walilolizoea, na, kama tulivyoona, wao ndio walio karibu zaidi na asili. Kinachohitajika ni maneno ya kutenganisha, na hayo hayana haja ya kubuniwa upya. Wauza dawa wa Ufaransa tangu zamani waliyagawa magome haya kwa rangi, jekundu, la manjano na la kijivu, na rangi nyekundu ndiyo ya *succirubra*, ya manjano ikiwa ya *calisaya*. Watungaji wa istilahi za kilimo, na hasa wale wanaoandika vijitabu vya maelekezo kwa Kiswahili cha Kongo, wangeweza kuandika *kinkina nyekundu* na *kinkina ya manjano*, wakayaeleza majina hayo penye picha ya jani na ya gome lililokwanguliwa, kabla ya miche kugawiwa.